Mstari wa Bluu

Pi-hsia alilifungua boksi saa nne asubuhi, juu ya meza ya mkahawa wa Su-yun, mbele ya watu na chapati zao za mayai. Ndiyo maana hadi adhuhuri mtaa mzima wa Fengyuan ulikuwa na habari.

Ndani mlikuwa na gia ya nyuma ya baiskeli ya mashindano, ya zamani, shingo imepasuka.

"Hii si yangu," alisema.

"Si yako vipi, dada, na mstari wako huo hapo?" mtu akauliza kutoka meza ya dirishani. Watu wakacheka kidogo.

Mstari ulikuwapo kweli. Pi-hsia alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha baiskeli, ambako kila mwanamke akishakaza bolti alipitisha juu yake mstari wa rangi ya kucha, kuonyesha kwamba mkono wake umefika hapo. Kiwanda alikiacha, mkono haukuacha. Kila kipuri kikuukuu alichouza mtandaoni kilitoka kwake na mstari, aliouchora mwisho kabisa, wakati wa kufunga boksi.

Gia aliyoiuza ilikuwa ya marehemu mumewe, Tien-tsai. Aliyeinunua, Shih Po-jen wa mji wa Changhua, alilalamika kwamba imemfikia mbovu, akairudisha. Lilikuwa lalamiko la tatu. Pi-hsia asipoleta ushahidi kabla ya Ijumaa, wenye soko la mtandaoni wangeufunga ukurasa wake. Na ukurasa ule ndio uliokuwa ukimwamsha tangu amzike mumewe: kuosha vipuri, kujibu ujumbe wa watu wenye baiskeli kutoka kila pembe ya kisiwa. Sasa kwenye kundi lao la mtandaoni mtu alikuwa ameshaandika neno "mwizi".

Fundi Ku, mwenye karakana ya baiskeli nyuma ya hekalu, alifuta maziwa ya soya mdomoni. "Wanunuzi wa mtandaoni ni nzi, dada. Kachukua nzima, karudisha mbovu. Achana naye. Ukurasa ufungwe, upumzike."

Siku hiyo Su-yun alikuwa anagawa keki nyekundu zenye umbo la kobe, kwa kuwa mjukuu wake ametimiza mwezi. Kila mtu alichukua. Pi-hsia aliisukuma sinia taratibu, akamvuta Su-yun hadi jikoni, maana mambo ya msiba hayasemwi penye keki za mtoto.

"Mwaka huu nyekundu, rangi ya furaha, haipiti mkononi mwangu," alinong'ona. "Tangu Tien-tsai aondoke natumia rangi ya bluu. Huo mstari ni mwekundu. Lakini nitamwonyesha nani? Picha nilipiga kabla ya kuuchora."

Su-yun hakuwa askari wala wakili. Alikuwa mwanamke ambaye hawezi kulala na habari nusu. Kwanza alikwenda kwenye duka la kona linalopokea vifurushi, kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wameanza kumnyooshea kidole karani. Karani alimwonyesha picha ya kamera: boksi liliingia na kutoka na utepe wake mzima. Akabaki mnunuzi. Su-yun akampigia simu, akamwambia ukweli: kuna mjane anaharibiwa jina, na yeye ama ndiye anayemharibu ama ndiye wa kumwokoa.

Po-jen alifika na treni ya mchana, mwanamume mwembamba mwenye maswali kabla ya salamu. Alitaka kujua kama kiti ni safi. Alitaka kujua kama yai ni la leo. Pi-hsia alimtazama akamtambua: huyu ndiye aliyedai picha za gia kwa kila upande, kisha picha nyingine zilizopigwa juani.

"Mbona unasumbua watu hivyo, mwanangu?" Su-yun alimuuliza.

"Niliwahi kuibiwa, shangazi. Nililipia magurudumu, nikaletewa matofali. Tangu hapo kila boksi nalifungua huku narekodi."

Su-yun akaweka birika chini. "Na hili ulirekodi?"

Alilirekodi. Kwenye simu yake gia ilitoka kwenye gazeti, ikang'aa, shingo nzima kabisa, na juu ya bolti kulikuwa na mstari wa bluu. Pi-hsia alivuta kiti, akaomba aione tena.

Po-jen aliangalia simu, akaangalia gia iliyo mezani. "Mtasema nimebadilisha mimi."

"Mwizi hatembei na picha ya alichoiba," Su-yun alisema. "Tena wewe ungechora bluu, kwa sababu bluu ndiyo uliyoiona. Aliyechora nyekundu alichora kwa mazoea. Anazijua kazi za Pi-hsia za miaka yote, ila hajui msiba wake anaushika vipi. Niambie, ulimpa nani akufungie gia kwenye baiskeli?"

Po-jen alikiri kwamba yeye hata bolti hajui inafunguka upande gani. Aliipeleka kwa fundi anayesifiwa kwenye lile kundi la baiskeli, akamtaja jina. Su-yun hakushangaa, alimwomba tu arudi Alhamisi, wateja wa asubuhi wakishapungua.

Alhamisi Fundi Ku alipoingia na kumkuta Po-jen amekaa na Pi-hsia, alisimama mlangoni. Su-yun alimvutia kiti. Hakupandisha sauti.

"Bosi Ku, kila kipuri kinachoingia kwako unakiosha kwa dawa kali ya kuondoa grisi kabla hujakigusa. Kweli?"

"Ndiyo kazi."

"Rangi ya kucha inabaki?"

"Haibaki," Ku alisema, akakikalia kile kiti.

"Ukaiosha, ukaipenda, ukatafuta mbovu inayofanana nayo. Kisha ukakumbuka kwamba kitu cha Pi-hsia hakikosi mstari. Nyekundu, kama siku zote. Ukamwambia huyu kijana ilimfikia na ufa ambao macho yake hayauoni, ukamfungia boksi kwa mikono yako kabla hajaiangalia tena."

Ku alisema aliiona gia ile kwa mara ya kwanza kwenye baiskeli ya Tien-tsai, walipokuwa vijana wakikimbizana kupanda milima, na Tien-tsai alimwahidi kwamba siku moja itakuwa yake. Alipoikuta mtandaoni aliona haya kumwomba mjane kitu cha mumewe. Akajiita jina lingine, akaomba apunguziwe, akaomba tena, mpaka Pi-hsia akamfungia asimwandikie tena.

"Yule msumbufu niliyemfungia alikuwa wewe?" Pi-hsia aliuliza.

"Mimi. Na aliyeandika 'mwizi' ni mimi. Nilitaka usiuze tena vitu vyake kwa watu baki."

"Ungekuja na jina lako, Ku, ningekupa bila hata kukuuzia." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomwinamisha fundi. "Sasa siwezi. Ina mwenyewe."

Ku aliliandikia kundi ukweli papo hapo, jina lake chini. Po-jen akafuta lalamiko na kutuma video kwa wenye soko. Kisha Ku akatoa gia kwenye mfuko wa koti, alimokuwa akitembea nayo, imeoshwa, haina mstari. Pi-hsia alifungua kichupa cha bluu, akapitisha mstari kwenye bolti, akaupulizia.

"Nitakufungia bure," Ku alimwambia Po-jen.

Po-jen alifikiri kidogo. "Sawa, bosi," alisema, akatoa simu mfukoni. "Lakini narekodi."