Nani Alitia Chumvi Kwenye Betri ya Lori la Kwihara?

Hendeli ya chuma ilishuka…

Kwaa!

Majid bin Muhanna akaenda chini, kofia huku, yeye kule. Damu ikamjaa jicho la kushoto, ikatiririka mpaka kwenye kola ya shati.

Na aliyempiga hakuwa mwizi. Alikuwa Lugembe! Mshikaji wake wa vitani. Dereva mwenzake aliyekula naye sahani moja kule Burma, mvua ikiwanyeshea humo humo sahanini.

"Sema!" Lugembe alifoka, hendeli bado iko juu. "Sema umetia chumvi kwenye betri yetu!"

Majid alimtazama kwa jicho lililobaki. Akafungua mdomo. Akaangalia umati uliojaa uani kwake…

Akaufunga.

Nyie mnaosoma, msikimbilie kuchagua upande. Mimi hii habari nimekaa nayo miaka, na bado nikiigusa inaniunguza.

Tabora, mwaka wa arobaini na tisa. Mwingereza kakaa juu ya nchi kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenziwe na kuuliza mwenye kiti ni nani.

Leo mnapelekwa Kwihara mnaonyeshwa tembe, ile nyumba ya udongo aliyokaa Mzungu, mnapiga picha, mnaambiwa hapa ilipita njia ya misafara. Misafara ya nani? Nani alibeba?

Babu yake Lugembe alibeba pembe mpaka pwani, akarudi na nundu begani kama ng'ombe. Baba yake alibebeshwa masanduku ya risasi kwenye vita ya kwanza ya Wazungu. Huyo hakurudi kabisa. Hata kaburi hawakuambiwa liko wapi!

Na vita ya pili imeisha, Lugembe karudi na medali ya bati, anawakuta wanawake wa Kwihara bado wanatembea na mpunga kichwani kwenda stesheni. Anayetaka kukodi lori anaikuta kampuni moja tu ya walowezi, na kampuni hiyo inajipangia bei inavyotaka.

Ndipo askari waliorudi wakasema: imetosha. Wakachanga, wakanunua lori kuukuu la jeshi. Rangi ya majani makavu, matundu ya risasi ubavuni. Lori la watu weusi la kwanza upande ule!

Wakakosa kitu kimoja tu. Leseni.

Mkaguzi wa magari, Mzungu mmoja mwekundu kama nyanya, aliwapa sharti.

"Nitakuja mwenyewe kuliona. Sitaki mlizungushe kwa hendeli. Mtabonyeza stata mbele yangu, liwake. Lisipowaka, leseni ya njia, Kwihara mpaka Nzega, naipa kampuni."

"Na kabla ya hapo, bwana, turuhusiwe kuliendesha kidogo?" Lugembe aliuliza.

"Bila leseni? Nitakufunga."

Mnauona mtego? Lori lisitembee mpaka lipate leseni. Na lori lisipotembea, betri inakufa. Betri ikifa, hakuna leseni!

Lugembe hakulala njaa ya akili. Jeshini alikuwa ameona chaja ndogo za kutunzia betri za magari yanayokaa muda mrefu, zile zinazotia moto kidogo kidogo, betri inabaki imeshiba. Tatizo, Kwihara hakuna umeme hata wa dawa.

Majid akasema, "Leteni lori kwangu." Wakalivuta kwa maksai mpaka mjini.

Nyumba ya kina Majid mjini ilikuwa na umeme, na duka mbele, na ua mpana nyuma ambako familia iliweka magunia ya chumvi ya Uvinza. Na chaja yenyewe Majid ndiye aliyeiagiza Dar es Salaam, ikaja kwa treni.

"Koplo, hili bati la biskuti ndilo litatuletea leseni?" Majid alicheka siku wanaifunga.

"Shika spana, acha maneno ya duka."

Waliiweka chini ya kiti cha dereva, jirani na betri. Wakakata mpira wa tairi kuukuu, wakautandika chini yake ili mtikisiko usiilegeze, wakapitisha bolti, wakakaza. Waya wa umeme ukaburutwa kutoka dirishani kwa Majid kama mkia.

"Angalia hapa," Lugembe alisema. "Lori hili la Mwingereza, chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Ukiifunga chaja ulivyozoea kwenye yale ya Wamarekani, umeua betri na chaja yake."

"Hata umeme wao umekaa kinyume!"

"Kitu gani chao hakijakaa kinyume? Tumepigana sisi, wameshinda wao."

Wakacheka mpaka spana ikaanguka.

Mama yake Lugembe, Bi Eustadia, alikuwa amekaa kwenye kizingiti na rozari yake. Kila Jumapili akitoka misa lazima apite kwa Majid, anywe chai, ndipo ashike njia ya Kwihara. Alimwona mwanawe anafungua vifuniko vya betri na kuongeza maji ya mvua.

"Kwani linakunywa, baba?"

"Linakunywa, mayo. Betri ndiyo roho yake. Hii ikifa, lote maiti."

"Eeh… Maiti halijabeba hilo, huko vitani?"

"Lori gani la vita halijabeba maiti, mayo?"

Bibi akapiga ishara ya msalaba. Wakacheka tena.

Chaja ikaanza kunguruma taratibu kama paka. Kila Jumamosi Lugembe alitoka Kwihara kuja kujaribu, lori linawaka. Mara nyingine stata ilizunguka kichovu, akadhani ni uzee wa betri. Jumamosi ya mwisho kabla ya ukaguzi liliwaka vizuri, moshi ukajaa ua mzima, Majid akapiga honi mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta!

Jumatatu asubuhi mkaguzi akaja. Kwihara nzima ilikuwa uani.

"Washa."

Lugembe akapanda. Akabonyeza stata.

Tk.

Akabonyeza tena.

Tk…

Taa? Hakuna. Honi? Ilikoroma kama mgonjwa, ikanyamaza.

Mkaguzi hakutukana wala hakucheka. Alifuta viatu vyake vumbi kwa kitambaa. "Afrika," alisema, kisha akapanda gari lake na kuondoka.

Lugembe akanyanyua kiti, akafungua vifuniko vya betri. Harufu ikampiga puani! Aliijua. Ni ile harufu kali ya dawa waliyotiliwa kwenye maji ya kunywa kambini. Na mwalimu wao wa magari aliwaambia mara nyingi: ukiisikia kwenye betri, mtu katia chumvi.

Chumvi…

Akainua macho. Magunia ya Uvinza yamepangwa ukutani mpaka juu.

Ngollo, aliyekuwa mweka hazina wao, alimsogelea sikioni. "Si nilisema mimi? Mwarabu atakulishia betri bure? Baba yake mdogo ana malori mangapi kule Ujiji?"

Hapo ndipo hendeli iliposhuka.

Majid alipelekwa hospitali. Duka lao lilipigwa mawe, magunia yakapasuliwa, chumvi ikakanyagwa ua mzima. Polisi alipomuuliza Majid nani kamuumiza, alijibu, "Nilianguka kutoka kwenye lori."

Jibu hilo lilimchanganya Lugembe kuliko kipigo chenyewe. Alirudi Kwihara anatembea kama mlevi. Akamkuta mama yake, aliyebaki nyumbani, anapepeta.

"Lori limegoma, mayo. Leseni imekwenda."

Bibi aliweka ungo chini. Akanyanyua mikono.

"Asante Mungu!"

"Nini?"

"Mungu kalizuia, mwanangu! Lina maiti lile. Lingewaua wote njiani. Ndiyo maana nililiombea."

"Uliliombea vipi?"

"Kila Jumapili. Maji ya baraka na chumvi ya baraka, ile aliyoibariki padri. Nakoroga kidogo, nalinywesha pale unapolinyweshaga, kwenye roho yake. Jana nikalimalizia yote iliyobaki, maana siku kubwa ilikuwa leo."

Lugembe alikaa chini pale pale kwenye pumba.

Chumvi. Ya mama yake! Betri imeinywa Jumapili baada ya Jumapili, na usiku ule wa mwisho imelala kwenye chaja na chumvi tumboni.

Alikimbia mpaka mjini. Majid alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bendeji nusu uso.

"Ulikuwa unajua?"

"Salamu kwanza hakuna?" Majid alisema polepole. "Hata wagonjwa husalimiwa."

"Majid, ulikuwa unajua?"

"Nilimwona. Anapiga msalaba wake, ananong'ona, anamimina. Nikarudi dukani."

"Hukumkataza!"

"Mimi nimkataze mama yako dua ya kanisani kwake? Nilidhani ni maji tu. Wallahi, kwamba dua yenu ina chumvi nimelijua pale uliponifokea, hendeli mkononi."

"Sasa si ungesema!"

"Niseme nini? Mbele ya Ngollo, mbele ya Kwihara nzima na hasira zake? Niseme bibi kizee mjane anavizia watu wakiondoka, ananong'ona, anamimina vitu kwenye lori lao? Wewe Mnyamwezi, niambie. Huyo anaitwaje?"

Lugembe akageuka kuangalia kama mlango umefungwa. Alijua anaitwaje. Alijua na nyumba za wanaoitwa hivyo huwa zinafanywa nini, zikiwa na wenyewe ndani.

"Jicho limekwenda," Majid alisema. "Mama yuko hai. Hesabu hiyo nimeshaifunga. Lakini jina langu, Lugembe… nikijisafisha mwenyewe, lazima nimtaje. Nisafishie wewe. Sema ulichanganya waya. Sema ulifunga chanya mahali pa hasi. Watu watakuamini, wewe ndiye fundi."

"Nitasema ni mimi."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Ni mimi."

Mkutano ukaitwa Kwihara, juani. Lugembe akasimama katikati. Mama yake alikuwa kwa wanawake, rozari mkononi, ametulia kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mwanawe alikuwa amemsihi ile dua ibaki siri yake na Mungu.

"Ndugu zangu," Lugembe alianza, "lile jambo la betri… huenda waya…"

"Waya gani?" Ngollo akadakia. "Waya si ulifunga wewe?"

"Ndiyo."

"Wewe koplo? Wewe uliyetuambia tulale, unalijua lori kuliko mkeo?"

Watu wakacheka. Cheko baya.

"Subirini, tuelewane," Ngollo akaendelea. "Kama kosa ni lako, basi wewe ndiye uliyeturudishia mizigo vichwani. Na jicho la mtu umelitoa bure, polisi waje wakuchukue. Ndicho unachotuambia? Sema wazi. Ni wewe, au ni yule Mwarabu?"



Sentensi moja tu! Mama yake angebaki salama. Majid angebaki na jina. Gharama ni yeye kuitwa mjinga mbele ya watu waliomwita shujaa, na pengine kulala ndani kidogo.

Mtu aliyevuka mito ya Burma chini ya mabomu, aliyatazama macho ya watu wa kwao…

"Ni Mwarabu," alisema.

Wakampigia makofi.

Leseni ya Nzega ilichukuliwa na kampuni ya walowezi. Wakapandisha bei mavuno yale yale. Lori likaozea uani kwa Majid, mpaka likaokotwa kwa bei ya vyuma. Hakuna aliyeingia tena kununua hata kibiriti katika duka lile, na familia ikaamua kuhamia Ujiji.

Siku wanaondoka, Lugembe alifika stesheni. Alisimama mbali, kisha akasogea mpaka dirishani. 

Majid ndiye aliyeanza.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi."

Akapandisha kioo.

Sasa nisikilizeni, na mkitaka kunitukana kwenye koment, karibuni. Mpaka kesho ziko familia Tabora zinasimuliana kwamba Waarabu ndio walioua lori la Kwihara. Watoto wanazaliwa, wanarithishwa uongo huo kama shamba. Yule aliyeweka sharti la kijinga la leseni hata hatajwi!

Tumefundishwa kunusana sisi kwa sisi. Mkiamka mmekosa kitu, mnamtazama jirani, dini yake, rangi yake, magunia yake. Kabla hujauliza nani katusaliti, uliza kwanza nani kapata leseni.

Na wewe unayejua ukweli unaoweza kumsafisha mtu, ukaumeza ili uendelee kupigiwa makofi… wewe sina la kukufundisha. Unalijua jina la mtu huyo. Nenda kalitaje angali hai.