Mgeni wa Boksi la Kushoto

Mto wa kiti cha mbele katika boksi la kushoto la ukumbi wa maonyesho ulikuwa umebonyea. Mwanaharusi aliuona alipokuwa akipanga machungwa kapuni kabla ya watazamaji kuingia. Aliupiga kofi, ukajaa. Alipogeuka tena ulikuwa umebonyea vilevile, kama umekaliwa na mtu mzito. Akaugusa. Ulikuwa na joto.

Ukumbi ule ulikuwa Doornfontein, mtaa wa jiji la ugenini, katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha kofia. Gustave Kalenga, mtu wa Lubumbashi aliyesomea tamthilia, aliutengeneza ufanane na kumbi za maonyesho za Waingereza wa karne ya kumi na nane: maboksi, yaani vijumba vya viti vilivyo wazi kwa mbele, pembeni kwa ajili ya mabwana, mabenchi katikati, roshani juu kwa watumishi, na mishumaa kila mahali. Mishumaa ilimfaa pia kwa kuwa umeme wa mtaa ule haukuaminika. Kila Jumamosi mchana, wahamiaji wa Kongo na Tanzania walicheza humo vichekesho vya kale vya Kiingereza vilivyotiwa katika Kiswahili. Watazamaji waliruhusiwa kuzomea, kujibizana na waigizaji na kula machungwa, kama walivyofanya watu wa enzi hizo.

Gustave alifufua desturi nyingine pia. Zamani zile viti havikuwa na namba. Bwana alimtuma mtumishi wake mapema akamshikie kiti. Bwana akifika, mtumishi aliinuka na kupanda roshani, akaangalia mchezo bure. Kazi ya kumwigiza mtumishi huyo alipewa mume wa Mwanaharusi, Yasini bin Bakiri wa Tanga, ambaye siku nyingine alikuwa mlinzi katika majumba ya Sandton. Alivaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba, akaketi katika boksi la kushoto, na kumjibu kila aliyetaka kukaa hapo kwa sauti kubwa:

"Nafasi hii ina mwenyewe. Bwana wangu yuko njiani."

Watu walicheka. Hakukuwa na bwana yeyote aliyepangwa kuja. Wala Yasini hakupaswa kupanda roshani, kwa maana ngazi zake zilikuwa zimeoza na Gustave alikuwa ameziba mlango wake kwa mbao.

"Baba Bushra," Mwanaharusi alimwita kwa sauti ya chini. "Nani alikaa hapa?"

"Hakuna mtu. Mimi ndiyo naingia."

"Hebu gusa."

Yasini akagusa, akarudisha mkono haraka. "Joto la mishumaa," alisema.

Mishumaa ilikuwa haijawashwa.

Mchezo ulianza. Jocelyne Nabintu wa Bukavu, mwigizaji mkuu wa kike, alitoka mbele ya pazia kutoa maneno ya ufunguzi kama ilivyo desturi: "Karibuni mabwana, karibuni mabibi. Nyumba hii ni yenu." Katikati ya sehemu ya pili Yasini aliinuka. Akainama mbele ya nafasi tupu, akafuta kiti kwa leso, akatoka kwa mlango wa nyuma. Miali ya mishumaa ya boksi lile ililala upande mmoja, ikasimama. Ikaja harufu ya udi iliyochanganyika na mafuta ya mnyama yaliyoungua.

"We Yasini!" mtu alipiga kelele kutoka mabenchini. "Huyo bwana wako amelipa kiingilio?"

"Mwache, bwana mwenyewe mhamiaji, anasubiri karatasi!" mwingine akadakia.

Kicheko kilivuma, kisha kikakatika kidogo kidogo, benchi baada ya benchi, kadiri watu walivyoinua macho. Yasini alikuwa amesimama juu, kwenye roshani.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwao Troyeville, Yasini hakukaa. Mwanaharusi akipakua chakula, mumewe alisimama nyuma ya kiti kitupu, mikono mgongoni.

"Kula basi, mume wangu."

"Bwana hajala."

"Bwana gani?"

Yasini akafuta kiti kwa leso. Binti yao Bushra alipopiga simu kutoka Tanga, Yasini alimsikiliza kwa adabu, kisha akamkabidhi mkewe simu akauliza, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Mwanaharusi alimwendea Gustave, naye akapiga makofi kwa furaha. "Mama, lakini huo ndio uigizaji! Papa Yasini iko na kipaji, mon Dieu! Roshani? Amepitia dirishani, basi. Mniachie mchezo wangu, msiniletee mambo yenu ya majini."

Mwanaharusi hakumwambia tena neno.

Huko Bertrams alikuwapo Mselem bin Khatibu, Mpemba fundi magodoro, ambaye pia alisomea watu dua. Hakupenda kusumbuliwa. Alimsikiliza huku akishona.

"Mumeo kamwita," alisema. "Kila wiki anatangaza bwana wake yuko njiani. Mwenye njia kasikia. Nani aliyemkaribisha ndani?"

"Jocelyne. Kwa maneno ya mchezo."

"Na nani aliyemuaga?"

Mwanaharusi akaikumbuka Jumamosi ile. Hakuna aliyeaga. Mchezo ulikwisha, watu wakaondoka.

"Basi bado yumo, na mtumishi wake yumo naye. Aliyemkaribisha ndiye amuage. Kisha nyote mfunge vinywa mpaka mlango wa ukumbi ufungwe. Akialikwa mara ya pili, mwanangu, usije tena kwangu. Hatakuwa mgeni tena."

Jocelyne alipoambiwa alishika msalaba wake. "Maneno ya kuaga yalikuwako. Kila mchezo wa zamani ulifungwa na maneno ya kuaga, mwanamke ndiye aliyeyasema. Gustave aliyakata. Watu walikuwa wanakimbilia teksi kabla ya giza, hakuna aliyesikiliza." Akatikisa kichwa. "Lakini Maman, mimi ni wa kwaya. Siwezi kuongea na shetani."

"Dada, umeongea naye kila Jumamosi. Umemwambia nyumba ni yake."

Jocelyne akalia, kisha akakubali.

Ijumaa Mwanaharusi alilitupa lile koti la buluu jalalani. Jumamosi Yasini alitoka chumbani amelivaa, vifungo vinang'aa.

Mchana ule ukumbi ulijaa. Yasini alishika nafasi, akatangaza, na safari hii hakuna aliyecheka. Na ilipofika sehemu ya pili akainuka, akainama, akafuta kiti, akapotea, na mto ukabonyea polepole mbele ya macho ya Mwanaharusi aliyesimama na kapu lake chini ya boksi, akisikia juu ya kichwa chake pumzi nzito za mtu aliyeshiba, na ganda la chungwa ambalo hakumuuzia mtu yeyote likianguka miguuni pake, kisha la pili, yote mawili makavu na meusi kama yaliyokaa miaka mingi ndani ya ukuta, huku kutoka roshani, palipozibwa kwa mbao, zikisikika nyayo za watu wengi wakijipanga kusimama, si za mume wake peke yake.

Pazia lilipofungwa, Jocelyne akatoka mbele. Sauti haikumtetemeka.

"Mabwana na mabibi, mchezo umekwisha na taa zinazimwa. Mlichopewa kimetosha. Nyumba tunaichukua tena. Nendeni kwenu kwa salama."

Miali yote ya mishumaa ikalala kuelekea mlangoni. Mto ukajaa. Harufu ya udi ikapita juu ya mabenchi, ikatoka nje barabarani, na katika ule ukimya sauti ya mtu aliyeamshwa ikaita kutoka juu:

"Mama Bushra! Mama Bushra, nimefikaje huku?"

Wanaume waliinua ngazi ya mafundi. Yasini akashuka, na Mwanaharusi akamshika mkono kwa nguvu zake zote. Ulikuwa wa moto, mkono wa mumewe. Akaelekeza macho mlangoni. Mtu mmoja tu alihitajika kuufunga.

Lakini Gustave alikuwa ameyasikia maneno ya kuaga kutoka nyuma ya pazia, na yalimfurahisha mno. Hakuna aliyekuwa amemwambia afunge kinywa. Akakumbuka desturi nyingine ya kumbi zile, ya kutangaza mchezo unaofuata, akaruka mbele ya watu mikono wazi.

"Bravo, Jocelyne! Marafiki, Jumamosi ijayo mchezo mpya! Rudini wote! Nafasi zenu tutawawekea!"

"Gustave, nyamaza!" Jocelyne alipiga yowe.

Miali ya mishumaa ikageuka, ikalala kuelekea ndani.

Mwanaharusi aliusikia mkono ukipoa ndani ya mkono wake. Yasini alivichomoa vidole vyake taratibu, kimoja kimoja, bila kumtazama. Akatoa leso mfukoni. Akapita kati ya watu hadi boksi la kushoto, akafuta kiti, akaketi, mgongo umenyooka.

Mwanaharusi alimfuata mbio, akaweka mkono juu ya kiti.

"Samahani, mama," Yasini alimwambia kwa upole, kama mtu asiyemjua. "Nafasi hii ina mwenyewe."