Sauti Zilizomkimbia

"Ya kwanza au ya pili?" Chiriku alimuuliza mumewe.

Mumewe, fundi sauti aliyeichanganya albamu yake, alibana hedifoni masikioni, akafumba macho. Kampuni mbili za muziki wa mtandaoni, Mawimbi na Kinanda, zilikuwa zinaigombania albamu ya mkewe, na kila moja iliitaka peke yake. Chiriku alikuwa amezipa zote wimbo mmoja, kila moja ikamrudishia jinsi unavyosikika kwake. Kinanda ilikuwa na wasikilizaji kibao. Mawimbi ilijigamba kwamba muziki wake unamfikia msikilizaji kama ulivyotoka studio.

"Ya pili. Hiyo ni Mawimbi, sivyo?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Kayamba, mke wangu. Zinasikika punje kwa punje. Kule Kinanda wamezibana mpaka zimekufa."

Chiriku alimkazia macho. Asubuhi ile alikuwa amezitoa kayamba zote kwenye wimbo ule, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mbona unanitazama hivyo?"

Chiriku alimpa simu asome ujumbe wa jana wa mtu wa Mawimbi: "Dada, umeimba vizuri sana, lakini sauti za juu zinachoma masikio. Aliyezichanganya alikuwa anasikiliza kweli?"

Fundi aliusoma, akaurudia. Akavua hedifoni polepole.

"Hakuna kayamba humo," Chiriku alisema. "Nimezitoa."

Fundi akajikalisha kwenye kiti.

"Tangu lini, mume wangu?"

"Tangu mwaka jana. Zilianza kunikimbia zile sauti nyembamba. Nikawa naziongeza, naziongeza, nikidhani spika zimechoka."

"Daktari anasemaje?"

"Hazirudi. Na zilizobaki zitafuata."

"Ukanificha mwaka mzima, tunalala kitanda kimoja?"

"Ungetafuta fundi mwingine."

"Ningetafuta fundi. Mume nisingetafuta."

 Chiriku alishindwa kujua kama mumewe amenyamaza au hakusikia, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

Albamu ilipelekwa kwa fundi mwingine, ikasafishwa, Mawimbi wakaichukua. Siku ilipotoka, mama mkwe alipiga simu akiwa na furaha tele.

"Mkwe wangu, nimesikiliza zote. Mwanangu amekutengenezea kazi."

"Ametengeneza, mama," Chiriku alijibu.

Fundi alikuwa dirishani, anatazama midomo ya mkewe.

"Anasema nini?"

"Anakusifu."

"Jina langu bado lipo pale?"

"Lipo. Nimeliacha makusudi."

"Litoe."

"Umekesha na nyimbo zile, mume wangu. Ni zako pia."

"Kila anayenisifu ananizika. Litoe, nakuomba."

"Tutazoea. Nitakuwa nakuelezea kila wimbo ulivyo."

"Utanielezea mimi sauti yako?"

Chiriku alichukua simu. Akawaandikia Mawimbi ujumbe, machozi yakidondokea kioo cha simu: "Naomba mtoe jina la mume wangu kwenye albamu."

Wakajibu papo hapo: "Tayari, dada. Kuna jingine?"

Alimwonyesha. Fundi alisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Ahsante," alisema, kama mtu anavyomshukuru asiyemjua aliyempisha mlangoni. Kisha akaenda kulala chumba cha wageni, na tangu siku hiyo godoro lake liko huko.