Ghorofa Isiyo na Mpangaji

Lifti ilijaa hadi pomoni. Mtakwimu, ndani ya gauni la buluu lililonyooshwa kuliko maisha yake, alijikuta amebanwa kifuani kwa fundi wa lifti.

"Samahani, kaka."

"Ungenikanyaga ningelalamika, dada. Hapo ulipo sina neno."

Watu wakacheka. Mara lifti ikasimama ghorofa ya saba, isiyo na mpangaji. Hakuna aliyebonyeza. Mlango ukafunguka taratibu: giza, vumbi, ubaridi. Kicheko kikafa.

Mapenzi yakaanzia hapo, simu asubuhi, simu mchana, "umekula, mpenzi?" Na kila jioni waliposhuka pamoja kutoka kazini, lifti iliwafungulia pale pale.

Meneja wa jengo akamtaka Mtakwimu atafute sababu. Akapima joto: si kitu. Uzito: si kitu. Umeme hafifu: si kitu. Wa kushukiwa akabaki fundi, mwenye ufunguo wa mitambo.

"Unaisimamisha wewe, ili nikukumbatie kwa woga?"

"Kukumbatiwa nimeshakumbatiwa, mpenzi. Nihangaike na nyaya za nini?"

"Acha utani. Naandika ripoti."

"Andika," fundi akasema, utani umemtoka. "Kesho sitakuwa na kazi, wala sitakuwa na wewe."

Ripoti ilikuwa bado haijatumwa Mtakwimu alipogutuka. Joto, uzito na umeme alivipima kimoja kimoja, ilhali vilitembea pamoja! Jioni watu hujaa, joto hupanda, umeme hulegea. Kila kimoja kikajificha nyuma ya mwenzake. Akaviondoa vyote kwa mpigo kwenye hesabu yake, hesabu nzima ikaporomoka. Kwa pamoja vilikuwa na nguvu ambayo bahati tu isingeweza kuieleza; fundi hakuwa na kosa.

Akampigia fundi simu.

"Nani mwenzangu?"

"Mjinga wako. Nisamehe."

"Aa, huyo namjua. Nakuja."

Asubuhi walipanda wawili tu. Hewa baridi, umeme umetulia. Fundi, ovaroli limepigwa pasi, akampa mikono yote miwili.

"Utakubali nikuoe?"

Lifti ikasimama. Ya saba. Mlango ukafunguka, ubaridi ukawapumulia shingoni.

"Ni wewe?" Mtakwimu akanong'ona.

"Mikono yangu umeishika yote."

Kweli, alikuwa ameishika. Hapakuwa na joto, uzito wala umeme wa kusingizia. Giza likangoja, kama mzazi anayetaka kusikia jibu kwa masikio yake.

"Ndiyo," Mtakwimu akasema.

Mlango ukajifunga, polepole, kama ulioridhika.

"Umenijibu mimi?" fundi akauliza.

"Nimewajibu kwa pamoja."