Spika ya Futi Tatu

Siku ya soko pale Chaka mtu hutembea kwa viwiko. Ngatia alikuwa amekuja kununua viazi, anajipenyeza kati ya vitunguu na kabeji, alipogongana na mwanamke aliyekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso, mfuko wa viazi ukining'inia kwenye kiwiko. Mwanamke alivaa sweta ya maruni na sketi ya kijivu iliyonyooshwa vizuri, na shingoni ilining'inia futi ya kushonea ambayo bila shaka alisahau kuitoa. Leso iliteleza. Ngatia akaona vitufe, akaona matundu ya nyaya za spika, na moyo wake wa fundi ukashtuka kabla ya ule mwingine.

"Madam, huyo mtoto anapumua?"

Mwanamke akampima kwa macho, kuanzia viatu hadi ile kofia yake ya manyoya ambayo hakuivua hata kanisani mpaka akumbushwe. "Hapumui. Alikaa kwa daktari Nanyuki wiki mbili na amerudi vile alienda."

"Basi huyo hakuwa daktari. Mimi niko na duka ya kutengeneza hizo vitu hapo Nyeri."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakubebea hiyo viazi yako mpaka nyumbani."

Hakushindwa, na viazi alibeba vilevile. Hivyo ndivyo Ngatia, bwana wa miaka arobaini na mbili ambaye ndugu zake Mukurweini walikuwa wamechoka kumuuliza ataoa lini, alivyoingia kwa Wamucii. Huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane wa miaka mitatu, na binti yake wa pekee, Wachuka, alikuwa chuoni. Ile mashine ilikuwa amplifaya ya marehemu mumewe, Theuri, iliyoendesha spika tano na boksi kubwa la besi. Mwaka ule wa 2006 watu wachache mjini walikuwa na mtambo kama huo, na waliokuwa nao waliuwekea filamu za Jumamosi. Wamucii aliutumia kwa kila kitu. Habari za saa moja, utabiri wa hali ya hewa, kwaya za Jumapili, hata tangazo la sabuni, vyote vilitoka katika spika zote tano.

Kisha zikaanza simu. Fundi, spika ya nyuma inakoroma. Fundi, leo imekoroma tena. Ngatia alikuja mara tatu na bisibisi zake, akasikiliza, asisikie mkoromo wowote.

"Mama Wachuka," alisema mara ya tatu, "hii spika haikoromi. Ni wewe unataka mtu wa kunywa chai na yeye."

"Kama umejua, mbona bado umesimama?"

Akaketi. Kuanzia siku hiyo alikuwa akija kila jioni akifunga duka, na jina la Mama Wachuka likageuka Wamucii, na mchana walipigiana simu kuulizana mambo ya bure, ati umekula nini, ati umevaa ile sweta. Ngatia alimpenda na hakujificha. Lakini katikati ya sebule ile palikuwa na kiti cha Theuri, na kadigani ya Theuri mgongoni mwa kiti, na hakuna aliyekikalia. Wamucii aliketi pembeni, kwenye kochi dogo la dirishani, vitambaa vya sare vimemzunguka. Ngatia alipewa stuli karibu na mlango.

Jioni moja alimuuliza kwa nini hazimi televisheni hata wanapoongea. Wamucii alikata uzi kwa meno. Akamweleza kwamba saa moja ikifika, sauti huja ikasimama hapa, akagusa bega lake la kulia. Si maneno ya habari anayoyasikia. Ni mtu. Kuna siku anageuka amwone, na anaogopa kumwona, na siku ambazo umeme umepotea anaogopa zaidi, kwa sababu bega linabaki peke yake.

"Tulikosana naye juu ya hizi spika," alisema. "Kila Jumapili alikuwa ananikalisha hapa kama gunia, ati usisonge, ati sema kama unasikia. Nikachoka. Nikamwambia, unapenda hiyo kiti yako kuliko mimi. Akazima, akaenda kulala. Kesho yake akaanguka shambani akichuma kahawa. Hiyo ndiyo maneno alienda nayo."

Ngatia alirudi nyumbani. Angeweza kushindana na mwanamume yeyote wa Nyeri, lakini huyu hakuwa na mahali pa kushikwa. Akaamua kufanya alichokijua. Mitambo ile huambiwa kila spika iko futi ngapi kutoka kwa msikilizaji, ili sauti zote zimfikie pamoja. Ngatia alikuwa ameziona namba za Theuri na zilimsumbua, kwa sababu hazikukubaliana na kiti. Na katika miji hii hakuna fundi asiyejua kwamba sauti hupangwa kwa kiti cha baba. Amefunga mitambo mingi, na hajawahi kuulizwa mama anakaa wapi. Akaona marehemu alikosea, na yeye atamrekebishia kwa heshima.

Alhamisi alipoachiwa ufunguo achukue mwavuli aliousahau jana yake, aliandika namba za zamani kwenye daftari, kama alivyofundishwa na bosi wake wa kwanza, kisha akaweka mpya. Ili kuhakikisha, akakalia kiti cha Theuri. Sauti ilimfika taratibu, kamili. Alijipongeza.

Saa moja Wamucii aliketi dirishani na kuwasha habari. Msomaji akaanza, na uso wa Wamucii ukapoteza rangi. Sauti haikuja begani. Ilikwenda katikati ya sebule ikakaa kwenye kiti kitupu, penye kadigani, ikawa inamsemesha kutoka pale.

"Umefanya nini?"

Ngatia akaeleza, bado anatabasamu. Hakumaliza.

"Umekalia kiti yake. Umemtoa kwangu, ukampeleka huko, akae na ile maneno nilimwambia. Nani alikutuma?" Alifungua mlango. "Chukua kofia yako uende, Ngatia. Usinipigie."

Kofia ilikuwa kichwani. Alikwenda.

Siku tisa simu haikulia. Ngatia alilehemu nyaya zisizohusika, akawarudishia wateja redio mbovu kuliko walivyozileta. Siku ya kumi alifungua daftari na kuzitazama namba za Theuri, akiwa na hasira naye kwa kweli. Spika ya mbele kushoto, futi kumi na moja. Ya nyuma kulia, futi tatu. Nani huweka tatu? Alichora sebule ile kwenye karatasi, akakata nyuzi kulingana na namba hizo, akazinyoosha kutoka kila spika. Nyuzi zote tano zilikutana mahali pamoja. Hapakuwa kwenye kiti. Palikuwa dirishani, kwenye kochi dogo, begani kwa mtu anayeshona.

Ngatia alikaa na karatasi hiyo mpaka chai ikapoa. Akimwambia, Theuri atarudi katika nyumba ile akiwa mwema kuliko alivyoondoka, na mume wa namna hiyo nani atamwondoa? Akinyamaza, mwanamke atabaki na neno lake la mwisho kooni maisha yake yote. Alitamani kunyamaza. Akapiga simu.

"Nilisema usipige," Wamucii alisema, lakini hakukata.

"Nipe nusu saa nirudishe vile ilikuwa. Halafu nitakuonyesha kitu, na sitakusumbua tena."

Alirudisha namba moja baada ya nyingine. Kisha akafungua karatasi juu ya vitambaa vya sare, akamwomba ile futi yake ya kushonea, na wakapima pamoja kutoka spika ya nyuma hadi bega lake. Tatu kamili.

"Hakuwa anajipangia," Ngatia alisema. "Kwa kiti yake alikuwa anasikia vibaya miaka yote. Alikuwa anakupangia wewe."

Wamucii aliishika ile futi kwa mikono miwili na kulia, kilio kirefu kilichokuwa kimengoja miaka mitatu. Ngatia hakumgusa. Saa moja ilipofika, Wamucii mwenyewe alinyoosha mkono akawasha habari, na sauti ikaja ikasimama mahali pake. Ngatia akakusanya bisibisi.

"Unaenda wapi?"

"Nimemaliza kazi."

"Hapo umesimama unasikia vizuri?"

"Hapana. Inasikika vizuri mahali moja tu."

Wamucii akasukuma sare za watu zikaanguka sakafuni, akajibana kwenye ukuta wa dirisha. "Basi songa hapa."

"Naweza panga upya, itoshe watu wawili."

"Usiguse. Songa."

Alisonga. Kochi lilikuwa dogo, bega kwa bega, na sauti ikapita katikati ya vichwa vyao ikitabiri mvua Kieni yote. Bila kuambiana, wote wawili wakatazama kile kiti na ile kadigani.

"Theuri," Wamucii alisema polepole, "huyu ni Ngatia."

Na Ngatia, ambaye hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, akavua kofia.