Meno ya Papa

Sudi, mchonga pembe za ndovu, aliishi katika cité, mtaa wa Waafrika, pale Élisabethville, enzi za Wabelgiji. Jamaa zake wa Maniema walisema hakuna jino lililoweza kumdanganya. Liwe la kiboko, la ngiri au la mamba, alilipapasa kwa kidole akakutajia mwenyewe.

Asubuhi moja ya kiangazi alimkuta sokoni mzee aitwaye Anaclet, amechuchumaa nyuma ya gunia. Kinywa chake kilikuwa kimebonyea, hakina jino hata moja. Juu ya gunia palikuwa na meno meusi ya pembe tatu, makubwa kama kiganja cha mtoto.

"Hii iko meno ya nani?" Sudi aliuliza.

"Ya papa."

Mzungu mmoja, mpima miamba, alikuwa akiyatafuta kwa udi na uvumba meno ya papa wa kale yaliyogeuka jiwe. Sudi akaokota moja. Shina lina vitundu, ncha inang'aa, ukingo umechongoka kama msumeno. Ya kweli kabisa.

"Papa ya mu bahari?"

"Papa yangu," mzee akajibu. "Ule alinizala."

Sudi akacheka. Akaona ameangukiwa na mjinga. "Unanidanganya, muzee. Hii iko meno ya nguluwe, ulipaka masizi. Niuzie bei ya kuni, ao niite polisi."

Watu wakageuka. Mzee aliyakusanya meno yote, akamwekea mikononi.

"Kama iko ya nguluwe," alinong'ona, "utakulia nayo."

Nyumbani, Sudi alipasha sindano moto, akaichoma kwenye kila shina. Mfupa wa juzi ungenuka kama nywele zinazoungua. Hakuna kilichonuka. Jiwe. Jiwe. Jiwe. Katika jino la mwisho, sindano ilizama. Ute wa uvuguvugu ukachuruzika. Ulinuka pumzi ya mtu mwenye njaa.

Aliyatia yote mfukoni, asimwambie mkewe, Amida.

Mchana Amida aliandaa bukari, ugali wao wa kila siku, na samaki. Sudi alitafuna mara moja. Jino lake likadondoka sahanini. Halikutoa damu. Likafuata jingine. Na jingine.

"Baba Adija," Amida akanong'ona, "kinywa yako..."

Sudi akapapasa ufizi. Kidole kilikuta ukingo wa msumeno. Nyuma yake, safu nyingine. Nyuma ya hiyo, nyingine. Alipokitoa, kidole kilikuwa kimechanika hadi mfupani.

Mfuko ulikuwa mtupu. Na sahanini, meno yake hayakuwamo tena.

Waliulizia sokoni, wakaelekezwa nyumba ya Anaclet kwenye barabara ya Kipushi. Walimkuta mlangoni akitafuna hindi. Sudi alipiga magoti, kiganja mdomoni. Amida ndiye aliyesema.

"Muzee, umusamehe. Alisema bongo, alikudanganya. Ile meno aliijua."

"Ninajua aliijua." Mzee akatabasamu. Mbele kabisa, Amida aliliona jino la mumewe, lile lililomeguka mwaka wa harusi yao. "Papa yangu alikufa na njaa. Umuchunge bwana yako."

Akafunga mlango.

Tangu siku hiyo Sudi hakula. Kila Amida alipomsogezea uji, taya lilifunguka lenyewe, likafuata mkono wake badala ya kijiko. Sudi alikuwa akilia, akigeuza kichwa kwa nguvu zote. Siku ya tisa akafa.

Waosha maiti walimfunga taya kwa kitambaa cheupe, kama ilivyo desturi. Makaburini walikuta kitambaa kimekatika vipande viwili. Wakafunga kingine upesi, wakamfukia bila kutazamana.

Kipande kimoja Amida alikitia sandukuni, akapiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Binti yao, Adija, anasema siku ile kilikuwa na urefu wa mkono. Mwaka uliofuata, shubiri moja. Mama yake alipofariki, Adija alifungua lile sanduku yeye mwenyewe. Kilikuwa kimebaki upana wa kidole.

Na ukingo wake ulikuwa umelowa mate.