Wimbo wa Wari Kwenye Piano ya Misheni

Kila siku mnaniomba habari hii, kisha mnaogopa kwenda chooni. Haya. Yalimkuta shoga yangu Katarina.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mumewe, mwalimu Sipriani, aliagizwa atunge muziki mwepesi wa piano, wa kuchangamsha sherehe. Kichwa kikagoma. Akajibanza nyuma ya nyumba ya unyago, alimofungiwa binti yao Justa na wari wenzake, akaiba wimbo ambao mwanamume haruhusiwi kuusikia.

“Baba Justa, huo wa wanawake!” Katarina akamkanya.

“Nimeuchangamsha. Nani ataujua?”

Akaupiga mchana, ukumbi wa misheni umefungwa madirisha, giza. Ndani ya piano ngoma ikaitikia. Akaondoa mikono. Ngoma ikaendelea.

Siku ya kuwatoa wari, wenzake Justa walitoka wote. Yeye hakutoka, wala hajaonekana tena. Katarina aliingia ndani, akapapasa mkeka wa bintiye, akakuta bado una joto.